Cheti cha Moto Nilichokataa Kusaini

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge na redio, mkasema maneno mazuri, kisha mmoja wenu akaniuliza funguo za kabati la dosie, yale majalada ya majengo, ziko wapi. Funguo niliwapa. Mkaniomba pia niandike jinsi nilivyoifanya kazi ya vyeti vya moto, kwa sababu wengi wenu mmekuja juzi na hamkuwakuta walioijua. Basi naandika, barazani kwetu hapa Kasongo, na wajukuu wamekwisha kunimalizia karanga. Mjue tu kwamba haya si mafundisho. Mafundisho angeandika mtu aliyemaliza kazi yake na moyo mweupe.

Niliingia biro, ofisi yetu ya majengo, kama mpiga mashine. Mashine yenyewe ilikosa herufi moja, na kila barua niliyoandika ilibidi niipitie tena kwa kalamu, kuzijaza nafasi tupu. Mkaguzi wa majengo wakati ule alikuwa Mzee Shabani, mtu mrefu, mkavu, asiyependa kuketi. Siku yangu ya kwanza alisimama mbele ya meza yangu akaangalia ukuta wa nyuma yangu, si mimi.

"Wee mutoto," akasema, "kama moto iko ku mulango, utatokea wapi?"

"Ku dirisha, mzee."

"Dirisha iko na vyuma."

Niligeuka. Kweli lilikuwa na vyuma, tena vinene. Akaenda zake. Siku nzima niliandika barua huku nikitazama vile vyuma, na jioni nikamfuata nikamwambia nataka kujifunza kazi yake. Alinijibu kwamba ni kazi ya kuchukiwa na wenye nyumba, na kwamba mwanamke huanza kuchukiwa mapema kuliko mwanamume. Hilo halikunizuia. Nilikuwa kijana, na nilidhani kuchukiwa ni jambo la kupita.

Kazi yenyewe ni hivi, kwa wale ambao bado wanaitafuta katika vitabu. Mwenye kutaka kujenga duka, shule, nyumba ya wageni au mahali popote watakapolala watu wengi, analeta barua ya ombi, mchoro wa jengo, na karatasi ya chifu kuhusu kiwanja. Tunafungua dosie. Tunakwenda mara ya kwanza msingi ukiwa umechimbwa, na mara ya pili kuta zikiwa zimesimama na paa halijapanda. Hiyo mara ya pili ndiyo yenyewe. Ukuta usio na paa hukatika kwa nyundo, wenye paa hukatika kwa ugomvi. Tunaangalia jiko liko wapi, mafuta yatawekwa wapi, milango ni mingapi na inafungukia upande gani. Baada ya hapo mkaguzi anasaini cheti, au hasaini.

Kulikuwa na kitu ambacho hakimo katika fomu, Mzee Shabani alikifanya na mimi nikakirithi. Alikuwa akibeba kitambaa cheusi. Akifika kwenye jengo anakwenda pembe ya mwisho kabisa, pale atakapolala mtu wa mbali kuliko wote, anajifunga macho, anainama mpaka magoti yanakaribia kidevu, kwa kuwa moshi hukaa juu, kisha anatafuta njia ya kutoka kwa kupapasa ukuta. Akijigonga mara tatu, jengo limeanguka mtihani. Nilipoanza kufanya hivyo mimi, watu walikuwa wanakusanyika kuniangalia, mama mzima amefungwa kitambaa anatambaa kama anamtafuta kuku. Mfanyabiashara mmoja wa karibu na soko aliniuliza kama tunalipwa kwa michezo hiyo.

Mlikwisha kusikia habari za chupa nyekundu, najua, lakini mnaisimulia vibaya. Fomu ilidai kila jengo kubwa liwe na kizimamoto kimoja, ile chupa nyekundu ya chuma. Nilikagua maduka na nyumba za wageni kwa miezi mingi, na kila mahali niliikuta imetundikwa ukutani, imefutwa vumbi. Siku moja niliona kwamba chupa ya duka la nguo ina bonde dogo la kugongwa kwenye bega, na nikakumbuka bonde hilo nililiona juma lililopita katika nyumba ya wageni. Nilikwenda kwenye dosie, na namba ya chupa ilikuwa ileile kila mahali. Mji mzima ulikuwa na chupa moja. Ilikuwa inatembea kwa pikipiki, inafika saa moja kabla yangu, na mwenye chupa alikuwa akiiazimisha kwa moyo mwema kabisa. Nilipoijaribu haikutoa hata pumzi. Tulicheka sana bironi, na mimi nilicheka kuliko wote. Lakini gari la kuzima moto hatuna, na hata kama liko mkoani, fimbo ya mbali haiui nyoka. Tangu siku hiyo niliacha kuuliza chupa, nikauliza milango tu.

Sasa nifike kwa Ramazani, kwa maana bila yeye hamtaelewa yaliyofuata. Alikuwa na duka la vyombo na mafuta ya taa, na chumba cha nyuma alichokaa na mke wake. Mlango ulikuwa mmoja, wa barabarani. Nilimwambia atoboe wa pili upande wa kichochoro. Aliniita dada, akanipa kiti, akaniita mama.

"Mama Riziki, weka tu saini. Sikukuu ikiisha nitatoboa ule ukuta, haki ya Mungu."

Nilisaini. Alikuwa mtu mwenye kuaminika, na watoto wetu walisoma pamoja. Sikukuu iliisha, na nyingine ikaja, ikaisha. Ukuta ulibaki mzima, kwa kuwa kichochoroni kulikuwa na wezi, na Ramazani aliogopa mwizi kuliko moto. Mwizi alikwisha kumwona kwa macho, moto hakuwahi kuuona. Duka liliungua mchana, watu wakitoka msikitini. Yeye na mke wake walitolewa kupitia shimo ambalo majirani walipiga kwa mashoka katika ukuta uleule wa kichochoro. Waliokoka, mikono ya mke ikiwa imeungua mpaka viwiko. Nilipofika, Ramazani alikuwa ameketi barabarani katikati ya masufuria yaliyoyeyuka. Akainua uso.

"Mama, si ulisaini?"

Hakuniuliza kwa hasira. Aliniuliza kama mtu anayeuliza njia.

Mzee Shabani wakati huo alikuwa amestaafu, anakohoa nyumbani. Nilikwenda kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Saini ya 'nitafanya' haiko. Unasaini kitu chenye mukono yako imegusa." Mwezi huohuo alifariki, na neno lake nililiweka moyoni kama wasia. Tangu pale sikusaini ahadi ya mtu yeyote, awe padri, awe shehe, awe mkubwa wangu. Wakaniita Mama Hapana. Jina hilo nililipenda. Nakiri kwamba nililipenda kupita kiasi.

Mwaka wa mwisho wa kazi yangu lilifika ombi kutoka kijiji kimoja njia ya Kabambare. Lilikuwa la nyumba ya wajawazito. Mnajua jambo hilo: mwanamke wa mbali, ikibaki wiki chache ajifungue, anakuja kukaa karibu na kituo cha afya, anapika, anasubiri siku yake. Mwenye kuomba alikuwa muuguzi mkuu wa kituo, Mama Jozefina, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Wafadhili walikuwa tayari wameahidi mabati, lakini walisema hawatayatoa mpaka waone cheti cha moto chenye saini. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi mtu wa nje alikuwa amekiheshimu cheti chetu. Niliondoka Kasongo kwa pikipiki nikiwa na furaha ya kijinga.

Barabara ile wengi wenu mnaifahamu. Tulilala njiani, tukafika kesho yake nikiwa na udongo mpaka kwenye kope. Kuta zilikuwa zimesimama, za matofali ya kuchoma, zimenyooka vizuri. Mlango mmoja mbele. Kwenye mchoro kulikuwa na mlango wa pili nyuma, na mahali pake nilikuta ukuta mzima. Nilijifunga kitambaa, nikaanza pembe ya mwisho, nikapapasa. Kutoka pale mpaka mlangoni kulikuwa na safari ndefu, na palipopangwa jiko la siku za mvua palikuwa karibu na mlango huohuo.

"Mlango wa nyuma uko wapi?" nilimuuliza Mama Jozefina.

"Mama, tunaujua. Lakini mafundi wote wameenda ku Lusangi, mu chimo ya zahabu. Hata mwenye kujenga hii ukuta alikimbia mbele ya kumaliza. Hakuna mutu wa kukata, hakuna mutu wa kutengeneza mulango. Weka saini, mabati ikuje, wamama waingie. Mulango tutaikata kisha."

"Haiwezekani."

"Mvua iko karibu, mama. Kuja uone fasi yenye wamama wanalala leo."

Nilikwenda kuona. Nyuma ya kituo kulikuwa na nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa nyasi, na nyasi zenyewe kwa ndani zilikuwa nyeusi kwa moshi. Mlango mmoja, mdogo. Wanawake sita walikuwa wakilala humo juu ya mikeka, na siku za mvua waliingiza moto ndani. Hata Mzee Shabani asingehitaji kitambaa. Niliona, Mungu ni shahidi wangu, niliona vizuri kabisa. Nikajiambia kwamba nyumba ile haiko katika dosie yangu. Dosie yangu ilikuwa nyumba mpya.

Mmoja wa wale wanawake alikuwa ameketi nje anachambua maharagwe, miguu imemvimba imekuwa kama mihogo. Aliitwa Sifa. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na alikuwa mcheshi, akaniuliza kama Kasongo wote wanapanda pikipiki vibaya hivyo au ni mimi tu. Kisha akaelekeza kidole kwenye kuta mpya.

"Mama wa biro, tutaingia lini mule? Kunakosa nini?"

Nilikuwa nimechoka, na Mama Jozefina alikuwa ananingoja na fomu mkononi. Nikamjibu kama tunavyowajibu watu wote wasio na dosie, nanyi mnajibu hivyohivyo kila siku, nimewasikia dirishani.

"Ni karatasi tu, mama. Kunakosa karatasi."

"Karatasi," akasema. Akarudi kwenye maharagwe yake.

Niliandika barua ya kukataa, kwa mwandiko mzuri, nikaorodhesha vipengele. Mlango wa pili, upana sentimita tisini, urefu mita mbili na sentimita kumi, ufungukie nje. Nilimwambia Mama Jozefina kwamba siku mlango ukiwapo anitumie habari, nitakuja hata nikiwa na homa. Hakubishana. Alikunja barua mara nne akaitia katika mfuko wa koti lake jeupe, akanipa ndizi za njiani.

Wiki tano zilipita. Sikuandika, sikutuma mtu kuuliza. Nilingoja dosie irudi, kama dosie zote zinavyorudi.

Kilichorudi kilikuwa barua ya Mama Jozefina, imeletwa na mwenye pikipiki aliyekuwa anakuja kununua chumvi. Mvua kubwa ilinyesha mchana, aliandika, na wale wanawake waliingiza moto ndani ili wapike. Waliuweka karibu na mlango, moshi upate kutoka. Nyasi zilikuwa zimelowa juu na kavu chini. Watano waliokuwa upande wa mlango walitoka. Sifa alikuwa amelala pembeni kabisa kwa ajili ya miguu yake, na moto ulikuwa kati yake na njia. Wanaume walipopata kubomoa udongo wa nyuma walimkuta ameshika ukuta kwa mikono miwili. Moshi ulikuwa umemwua kabla ya moto, yeye na mtoto. Hakuna aliyenilaumu katika barua ile. Mwisho aliandika kwamba mafundi bado hawajarudi.

Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaenda nyuma ya biro, pale tunapotupa karatasi, nikalia mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna mtu amekufa kwetu. Nilimwambia ndiyo.

Yaliyofuata bironi mnayajua, wengine mlikuwapo. Mkubwa wetu alisoma barua yangu ya kukataa mbele ya kikao, akasema tazameni jinsi mama alivyoona mbali, biro yetu haina doa. Mkapiga makofi. Nilitaka kusimama niwaambie kwamba mmekosea, kwamba moto haukuwa katika nyumba niliyoikataa, ulikuwa katika nyumba niliyowaachia wale wanawake. Sikusimama. Na wafadhili, waliposikia habari za moto, walituma mabati katika juma moja bila kuuliza cheti wala saini. Nyumba ikaezekwa ikiwa na mlango mmoja. Sheria ni msumeno, wanasema, hukata mbele na nyuma. Huo wangu ulikata upande mmoja tu, na wanawake waliokuwa upande ule hawakuwa na habari.

Miezi miwili kabla sijaachia kiti, mwanamume mmoja alifika dirishani. Alikuwa wa makamo, ametoka mbali kwa baiskeli, suruali ameikunja. Hakutaka kusema na mtu mwingine. Nilimwingiza.

"Minaitwa Assani," akasema. "Bwana ya Sifa."

Nilimpa pole. Maneno yalinitoka vibaya. Aliyaitikia moja moja, kwa heshima, kama mtu aliyekwisha kuyasikia mengi. Nilimsogezea kiti, hakuketi.

"Sikuje na maneno mubaya, mama. Minataka kujua tu. Sifa alinitumia habari mu kijiji. Alisema nyumba mupya iko pale, kuta iko, mabati iko inangoja, kunakosa karatasi. Nikauliza watu, hii karatasi inatoka wapi? Wakasema ni ya biro, ku Kasongo. Mimi sikusoma. Nikasema, mambo ya karatasi watu wa karatasi watamaliza." Akasogea mezani. "Ile karatasi, ilikuwa ya nini?"

Ningeweza kudanganya. Ningeweza kusema mambo ya vipengele na mchoro, na angeondoka akiwa na huzuni ileile aliyokuja nayo, si zaidi. Nimefikiri mara nyingi kama ingekuwa ni huruma. Lakini alikuwa amepanda baiskeli siku tatu ili aulize, na mimi nilikwisha kumjibu mke wake ovyo.

"Ilikuwa ya mlango, baba," nikasema. "Nyumba ilikosa mlango wa pili. Ningeona mlango, ningesaini."

"Mulango?"

"Mlango wa mbao. Mmoja."

Halafu akatazama viganja vyake, na ndipo nami nikavitazama: makovu ya msumeno, na kidole gumba kimoja kilichopasuka ukucha kwa nyundo.

"Mama," akasema polepole, "mimi ni fundi ya milango. Ile ya kanisa yetu, ile ya shule, ni mimi. Sikuenda Lusangi. Nilibaki nyumbani juu ya ile mimba, niwe karibu kama ananiita."

Nilishika ukingo wa meza.

"Karatasi siijui," akasema. "Angeniambia mulango, ningekuja nayo ku mugongo."

Kisha akauliza vipimo. Nadhani aliuliza kwa mazoea tu ya mikono yake, au pengine alikuwa amekwisha kuamua, kwa sababu mlango ule upo leo, yeye ndiye aliyekata ukuta na kuutia, na ndio mlango wa mwisho niliousainia. Nilifungua dosie nikamsomea nilichoandika. Upana tisini. Urefu mbili na kumi. Ufungukie nje. Nilipoteza mstari katikati, nikaanza upya. Alisikiliza akiwa amefumba macho, midomo inatembea, anahesabu mbao.

"Siku mbili," akasema. "Ni kazi ya siku mbili, mama."